Masaa Manane Kila Upande

Kaka yangu Chrispine akija nyumbani, neno lake la kwanza ni kwamba Mama hajabadilika. Anasimama mlangoni pa chumba cha kulala, haingii, ananyoosha shingo, anamwangalia, halafu anarudi sebuleni na kusema, "Hajabadilika hata kidogo. Mungu ni mwema." Amesema hivyo kwa miaka mitatu, tangu Mama apatwe na kiharusi kilichomwachia mkono mmoja na kumnyang'anya kauli. Mimi humletea chai. Mungu ni mwema, sikatai, lakini anayemgeuza Mama ni mimi.

Jambo hili nilieleze mapema, maana mengine yote yanatoka hapo. Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani lazima ageuzwe kila baada ya masaa mawili. Akiachwa zaidi ya hapo, uzito wake unabana ngozi juu ya mfupa, damu haipiti, nyama inaanza kufa. Kwa mama wa miaka sabini na minane mwenye kisukari, kidonda cha kulalia kinaweza kuwa ndicho kitakachomchukua. Muuguzi wa zahanati iliyo karibu nasi hapa Ndhiwa aliniambia hivyo wiki ya kwanza, bila kuficha, na nikamwelewa. Tangu siku hiyo ni kushoto, mgongo, kulia, halafu kushoto tena. Mara kumi na mbili kwa siku, usiku ukiwemo. Siku mbili kwa wiki nikienda Migori kufundisha fizikia, Teresa, dada anayetusaidia kazi, ndiye hushika zamu. Alijifunza kwa kunitazama. Hatukuwahi kuandika utaratibu popote.

Kwa nini mimi? Kwa sababu sikuolewa, na aliyekosa kuolewa ndiye huonekana ana nafasi. Chrispine ana mke, ana watoto wanne, ana kazi Isebania mpakani ya kuwashughulikia wenye malori karatasi zao za forodha. Mara moja aliniambia, kwa nia njema kabisa, kwamba ananionea wivu, mahali petu pametulia, mtu anaweza kusoma. Nilikuwa nimeshika beseni la maji machafu. Sijui ni nini kilinizuia.

Na kweli nilikuwa nikisoma. Nilikuwa mwaka wa saba wa uzamifu, shahada ambayo wenzangu walimaliza kwa minne. Mada yangu ilihusu vitu vinavyoonekana vimetulia kumbe vinakula nguvu kila dakika. Chukua masanduku matatu na gololi moja inayohama kutoka sanduku hadi sanduku. Ukija baada ya siku nyingi ukauliza gololi imekaa wapi kwa muda gani, unaweza kukuta theluthi, theluthi na theluthi. Utasema pana usawa. Lakini usawa una aina mbili. Upo ule ambao gololi inakwenda na kurudi ovyo, kila mlango ukipitwa mbele na nyuma sawasawa. Huo haugharimu kitu, na hata ukirudisha filamu yake nyuma hutaona tofauti. Na upo ule ambao gololi inazungushwa upande mmoja tu, la kwanza, la pili, la tatu, la kwanza tena, siku nenda siku rudi. Theluthi ni zile zile. Ila katika huu wa pili lazima kuna anayesukuma, na nguvu anazotumia zinageuka joto lisilorudi. Hasara hiyo isiyorudi, ikipimwa, ndiyo inayoitwa uzalishaji wa entropia. Kazi yangu ilikuwa kuipima kwa kuhesabu mivuko: gololi imevuka mlango upi, kuelekea wapi, mara ngapi.

Profesa Onsongo, msimamizi wangu, aliwahi kuniuliza mfano safi hivi niliutoa wapi. Nilimwambia niliuona mahali katika kusoma. Sikutaka kumwambia kwamba masanduku matatu ni kushoto, mgongo na kulia, na gololi ni Mama. Nilikuwa na daftari ambalo muuguzi alitaka nilijaze, lenye safu tatu, na kila jioni jumla ya kila safu ilikuwa masaa manane. Kurasa mia tisa na zaidi, na zote zinasema manane, manane, manane. Mtu akilifungua daftari lile ataona ukurasa mmoja umenakiliwa mara mia tisa. Siku moja nililitazama nikacheka peke yangu, halafu nikakaa na kuandika sura ya tatu.

Mwezi wa nne chuo kule Migori kilinipa tarehe. Jumatatu nilitakiwa kuwasilisha kazi mbele ya idara, na Alhamisi nitetee tasnifu mbele ya jopo. Nikikosa, usajili wangu unaisha, na miaka saba inaenda na maji. Wiki hiyo hiyo Teresa akapigiwa simu kwamba mjomba wake amefariki, akaenda Kehancha kuzika. Nikampigia Chrispine. Kwa haki yake niseme hakusita. Aliuliza siku ngapi, nikamwambia nne, akasema anakuja, kazi ya karatasi atabaki nayo mkewe.

Ili uelewe alichokubali, ni lazima ujue kwamba kwetu mwanamume akishajenga nyumba yake haingii tena chumba anacholala mama yake. Haangalii kitanda chake, na kumshika nyonga ni jambo hata halitajwi. Mimi ninayefundisha fizikia siwezi kukuonyesha aibu hiyo imekaa wapi mwilini, lakini nilimwona Chrispine akiwa amesimama kwenye kile kizingiti, mtu wa miaka hamsini, akitazama miguu yake. Marion, jirani yetu, alikubali kuja asubuhi na jioni kumwosha Mama na kumbadilisha nguo. Dawa, uji na kugeuza vingekuwa vya Chrispine.

"Niandikie," alisema. "Mimi bila karatasi sijui kitu. Lakini ukiandika, vile umeandika ndivyo nitafanya."

Nilijua anasema kweli. Maisha yake yote ni karatasi. Lori lenye nyanya zinazooza halivuki mpaka kama muhuri mmoja umekosekana, na yeye ndiye anayemweleza dereva hivyo bila kupepesa macho. Mwenye bodaboda alikuwa ameshafika na kupiga honi. Niliandika nimesimama, karatasi nimeiegemeza ukutani. Vidonge vya sukari, asubuhi na jioni. Uji, mara nne, uwe vuguvugu. Kugeuza: kushoto masaa 8, mgongo masaa 8, kulia masaa 8. Kila siku. Usipunguze, usizidishe. Nikamwonyesha kwa haraka mahali pa kushika, begani na nyongani, yeye akiangalia dirishani. Nikaisoma karatasi mara moja, nikajumlisha, nikapata ishirini na nne. Nikaondoka.

Kutoka Migori hadi nyumbani si mbali. Ningeweza kurudi kila jioni. Nataka nilikiri hilo waziwazi, kwa sababu Profesa Onsongo aliponiuliza mbona nimechukua chumba mjini nilimwambia barabara imeharibika kwa mvua. Barabara haikuwa na neno. Nilitaka kulala. Usiku wa kwanza niliamka mara nne bila kengele, mkono ukitafuta bega la mtu. Usiku wa pili niliamka mara moja. Wa tatu sikuamka kabisa, nilifungua macho jua limeshapanda, nikawa sijui niko wapi, nikafurahi hivyo hivyo bila kujua. Kila jioni nilimpigia Chrispine. Kila jioni alisema mambo ni sawa, anaenda na karatasi.

"Unamgeuza?" nilimuuliza Jumatano.

"Vile uliandika. Hakuna dakika imepita."

Nikamshukuru, nikazima taa.

Alhamisi jopo lilikuwa la watu watano. Mtahini wa nje alikuwa Profesa Hibo, mama mwembamba aliyevaa hijabu ya kijivu na kusoma tasnifu yangu yote, jambo ambalo hata msimamizi wangu sidhani alilifanya. Aliwaacha wengine wamalize maswali yao ya vichwa vya jedwali. Halafu akavua miwani.

"Nina mifumo miwili," alisema. "Yote inanipa theluthi tatu zile zile. Mmoja unazunguka mara nne zaidi ya mwingine. Nikikupa jumla peke yake, utaitofautisha vipi?"

"Siwezi," nilimjibu. "Jumla haisemi. Lazima uniambie imevuka mara ngapi."

"Na mtu akikupa jumla tu?"

"Basi ameniandikia kila kitu isipokuwa kazi yenyewe."

Akatabasamu, akaandika kitu. Nakumbuka nilijisikia mrefu. Aliniomba mfano wa maisha ya kawaida, nami sikumtaja Mama. Nikatoa mfano wa malori ya Isebania, idadi ya yaliyopaki kila siku ni ile ile lakini madereva wanajua tofauti ya foleni inayosogea na isiyosogea. Walicheka wote. Nusu saa baadaye waliniita ndani na Profesa Onsongo akaniita daktari. Nilishikana mikono na kila mtu, na nilipotoka nje sikuwa na furaha kama nilivyotarajia, nilikuwa na usingizi tu. Nikaulala tena usiku mzima.

Ijumaa nilifika nyumbani jua limeshapita utosini. Chrispine alikuwa kwenye kiti cha plastiki alichokiweka nje ya mlango wa chumba cha Mama, simu mkononi, macho mekundu. Shati ni lile lile la Jumatatu. Inaonekana alikuwa amelala pale pale kitini siku zote nne, asije akapitwa na kengele. Akasimama kunisalimia, akanipa hongera kwa mikono miwili, kisha akaeleza kwamba Mama yuko vile vile, hajabadilika. Nikasikia kishindo kidogo kutoka ndani. Ilikuwa pete ya Mama, anaigonga kwenye chuma cha kitanda kwa ule mkono mmoja. Mama hugonga anapoumia.

"Amekuwa akigonga hivyo?"

"Toka Jumanne. Nilikuwa namwambia hapa mlangoni, bado Mama, saa yako haijafika. Nikafikiri ni vile hataki niingie."

Niliingia. Harufu ilinifikia kabla ya kitanda. Mama alikuwa amelala chali, akanitazama, na machozi yalikuwa yamekauka njia zake mpaka masikioni. Nilimshika bega na nyonga, nikamvuta kwangu, nikaangalia. Chini ya mgongo, pale mfupa unapokaribia ngozi, palikuwa na kidonda kipana kama mdomo wa kikombe, kimelowa, pembeni peusi. Nyonga zote mbili zilikuwa na mabaka ya zambarau yenye joto. Miaka mitatu sikuwahi kuona hata lengelenge. Nilimlaza upande wa kushoto, nikaweka mto, nikampigia muuguzi, na sauti iliyotoka kinywani mwangu ilikuwa ya mtu mwingine.

Muuguzi alifika kwa pikipiki, akaosha, akakata, akafunga. Alituambia kwa ile sukari yake kidonda kitachukua miezi kupona, kama kitapona, na tukiona homa tusingoje asubuhi. Hakuuliza ilikuwaje. Alinitazama mimi, akamtazama Chrispine, akafunga mkoba.

Alipoondoka tu, Chrispine akaniletea karatasi mbili. Moja ilikuwa yangu. Nyingine aliichora mwenyewe kwa rula, kama fomu za malori yake: tarehe, saa, upande, sahihi. Saa nne usiku, kushoto. Saa kumi na mbili asubuhi, mgongo. Saa nane mchana, kulia. Kila siku mara tatu, siku nne, hakuna mstari uliorukwa na kila mmoja una sahihi yake. Alikuwa amemweka Mama masaa manane upande mmoja bila kumsogeza, halafu manane mengine, halafu manane mengine. Nilijumlisha safu. Zilikuwa sawa na za daftari langu.

Alikuwa ametafuta namna ya kumshika Mama mara chache kabisa bila kukosea karatasi, na karatasi ilimruhusu. Hata Marion, alieleza, alimwambia Jumatano kwamba ngozi inageuka rangi, si wamgeuze kidogo. Akamwonyesha maandishi yangu. Marion akayasoma, akasema basi kama ni Leonida ameandika, Leonida anajua.

"Nyamera, nilifuata karatasi," alisema.

Kwetu nyamera ni dada yangu, na hakuwa ameniita hivyo tangu tulipomzika Baba.

"Nimeona."

"Angalia kama niliongeza hata dakika."

"Hukuongeza."

"Sasa nilikosea wapi?"

Nilikuwa na la kumwambia, na lilikuwa refu. Kwamba mtu mzima anayesikia mama yake akigonga chuma siku tatu angeweza kutumia kichwa. Kwamba miaka mitatu amenyoosha shingo pale mlangoni na hakuwahi kuuliza hata mara moja ninachofanya humo ndani. Lakini maandishi yalikuwa yangu, na ile nane yangu yenye mkia ilikuwa imekaa pale mara tatu.

"Ni kila masaa mawili," nilimwambia. "Mara kumi na mbili kwa siku."

Akaichukua karatasi yangu na kuitafuta. Alipita na kidole mstari kwa mstari, kwenye vidonge, kwenye uji, kwenye kugeuza. Halafu akaigeuza kuona kama nimeandika nyuma.

"Haiko," alisema.

"Haiko."

"Si ungeandika tu ni mara ngapi."

Siku iliyotangulia nilikuwa nimesema maneno hayo hayo mbele ya maprofesa watano, na wakanipa shahada. Nilikaa chini, kwenye sakafu ya sebule, nikaegemea ukuta ule ule nilioegemeza karatasi.

"Kwa nini haukuandika?" aliuliza. Hakuwa akinilaumu, alitaka kujua.

"Nilichoka, Chrispine. Nimeifanya mpaka nikaacha kuiona. Nilipoulizwa tunafanya nini humo ndani, nilikumbuka jumla tu."

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa miaka mitatu nilimkasirikia kwa kutazama kitanda na kuona hakuna kinachotendeka, na siku niliyopewa kalamu niandike, nami niliandika vivyo hivyo. Nililia kidogo, kilio cha mtu mchovu kisicho na sauti. Yeye alisimama tu ameshika karatasi zake mbili.

Masaa mawili yalipotimia tangu nimlaze Mama kushoto, niliinuka na kumwambia Chrispine aingie. Akaangalia kizingiti. Nikamwambia tena aingie, sina nguvu za kumwinua bila kukigusa kidonda, na Teresa hajarudi. Akavua viatu, sijui kwa nini, akaingia. Nilimwekea mikono mahali pake, mmoja begani, mmoja nyongani. Akafumba macho. Tukamgeuza Mama pamoja, tukiruka mgongo, kutoka kushoto hadi kulia, nikaweka mto, nikanyoosha shuka. Mama hakugonga.

"Ni saa tisa na robo," nilisema. "Tena saa kumi na moja na robo."

Chrispine akafumbua macho, akatoa kalamu mfukoni, akaandika saa zote mbili nyuma ya karatasi yangu.

"Na baada ya hapo?"

"Saa moja na robo ya jioni."

"Na baada ya hapo?"

"Saa tatu na robo."

Akaandika. Akauliza tena, nikamtajia saa tano na robo, nikamtajia saa saba na robo ya usiku, saa tisa, saa kumi na moja alfajiri. Kila nilipotaja aliandika, na kila alipoandika aliuliza na baada ya hapo, kwa sauti iliyozidi kupungua. Tulipofika saa saba na robo ya mchana wa kesho hakuuliza tena. Alihesabu mistari kwa ncha ya kalamu, taratibu, hadi kumi na mbili.

"Miaka mitatu," alisema.

Halafu akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha Mama, mahali ambapo mwanamume wa kwetu hakai, akaniambia nikalale.